Bega Lililolowa

Nekesa mwanangu,

Salamu sikuandikii. Tumeamkiana leo asubuhi na tutaamkiana tena kesho kabla hujapanda basi. Umekwenda kanisani kuaga, nami nimebaki na kuku jikoni na daftari lako mezani. Jogoo huyu ameishi miaka mingi na hana haraka ya kuiva, kwa hiyo wakati ninao.

Mambo ya chandarua, ya maji ya chumvi ya Mombasa na ya vijana wa pwani wenye maneno laini sitayagusa. Kanisani wapo akina mama wa kutosha, na kila mmoja atakuambia hayo yote huku amekushika mkono usikimbie. Mimi nina jambo moja tu. Nitalizunguka kidogo kabla sijalifikia, maana lina miiba.

Kwanza nikiri wizi: nimesoma insha yako. Uliiacha juu ya sanduku la bati, na kitu cha kusomeka kikiachwa wazi mbele yangu, huwa nakisoma. Ndivyo nilivyosoma shule yangu yote. Nilipoanza kazi ya uyaya hapa Muthangari, Nairobi, nilikuwa namshikia kitabu mtoto wa memsahib wa kwanza. Yeye anaweka kidole chini ya neno, mimi naweka jicho. Alipofika darasa la pili nami nilikuwa nimefika la pili, ila yeye alipewa keki. Memsahib hakujua. Aliendelea kuacha barua zake mezani miaka mizima, na ndiyo maana nilijua kwamba wanahama kabla hata bwana wake hajajua. Waliokuja baada yao wakanirithi pamoja na jiko.

Basi nikasoma insha, kisha nikakichukua kile kitabu cha hadithi ulichokiandikia, nami nijionee. Ni hadithi fupi. Kaka na dada wanakwenda shule kwa njia ndefu, na nyumbani kwao kuna mwavuli mmoja tu, alioacha marehemu baba yao. Kaka ndiye anayeushika. Masika yote wanatembea hivyo. Kisha kaka anashikwa na homa ya kifua, anaacha shule, na dada anakwenda peke yake. Mwisho kabisa tunaambiwa kwamba yule msichana aliendelea kuuinamisha mwavuli upande mmoja, ingawa upande ule hapakuwa na mtu, na akafika shuleni bega lake limelowa. Nilipofika hapo niliweka kisu chini. Nilikuwa sijaanza hata kukata vitunguu, na macho yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yake.

Wewe umeandika: "Mwavuli ni ishara ya mamlaka ya mwanamume. Kaka ameshika mpini, kwa hiyo ndiye anayeamua njia na mwendo. Dada ni mfuasi tu. Mwishoni dada anapata uhuru, lakini bado hajauzoea." Mwalimu ametia vema kwa wino mwekundu, na pembeni ameandika: "Fikra pevu."

Sibishani na mwalimu. Mwenye mpini ndiye anayechagua madimbwi, hilo ni kweli, na nimekanyagishwa mengi. Lakini hadithi ile nimeisoma mara nne, na mara tatu mwandishi ametaja bega la kushoto la yule kaka. Mwanzoni mama yao anamkamua shati. Katikati mwalimu anamgombeza kwa kulowesha daftari. Karibu na mwisho anakohoa. Wewe umetazama mkono ulioshika mpini, hukutazama mwavuli umelalia upande gani. Mtu akitembea chini ya mwavuli wa mwenzake masika nzima, akafika mkavu mabega yote mawili, basi yale maji yamekwenda mahali.

Na yule dada, hadithi nzima, hasemi neno. Hilo hukuliandika kabisa, na mimi ndilo lililonikaba.

Sasa tumekaribia miiba.

Hii ni Jumapili ya nne kaka yako Wanjala hajala chakula hapa kwetu. Nyama anatuma, mwenyewe haji. Wewe unasema ana kazi nyingi. Mimi nakata mkate.

Unakumbuka alikuwa kidato cha pili baba yenu alipofariki. Hakuna aliyemwambia aache shule. Jumatatu moja alivaa sare yake akatoka kama kawaida, na jioni akarudi ananuka moshi: amepata kazi ya kuchoma nyama Kenyatta Market. Shati la shule lilikuwa limetobolewa na cheche. Wewe ulicheka ukamwita Bwana Mkaa, naye akacheka. Mimi nilishona yale matundu. Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikijua kwamba mshahara wangu utasomesha mmoja tu, na sikuwa na moyo wa kusema ni nani. Akasema yeye, kwa kunuka moshi. Nami nikamwachia.

Yaliyotokea mwezi uliopita hakuniambia yeye. Nimeambiwa na Nyambura, yule anayesuka nywele mkabala na jiko lake.

"Mama Wanjala," alisema, huku ananivuta nywele kana kwamba ndizo zilizokosa, "huyo msichana yako ana maneno."

"Maneno gani?"

"Walikuja kusukwa, yeye na wale wenzake wawili wa shule. Wanjala akatoka na mbavu kwa sinia, amechagua ile mzuri, aproni yote damu. Mmoja akauliza, huyu ni nani? Yako akasema, ni kijana wa huko kwetu, husaidia mama kubeba vitu."

"Wanjala alisikia?"

"Alikuwa amesimama hapo umekaa."

"Akasema nini?"

"Akasema, karibuni, madada. Akawaongeza chumvi."

Juzi nilimpitia Wanjala. Hakuuliza hali yako. Aliuliza, "Basi yake inatoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Sanduku ni nzito?"

"Ni zito."

"Sawa," akasema, akageuza nyama.

Utajiuliza kwa nini sikukugombeza. Nilijaribu. Mara mbili nilifungua mdomo, na mara zote mbili ukatoka wimbo wa kanisani. Sentensi ile uliyoisema mbele ya wenzako niliisema mimi, wewe ungali unajifunza kusoma kwa bibi yako, na nitakuambia ilikuwaje, maana hakuna mwingine aliyebaki wa kukuambia.

Unajua kwamba kwetu zamani mwanamke hakula kuku. Alimfukuza, akampeleka achinjwe, akamnyonyoa, akampika, akampakua, kisha yeye akala mboga. Na firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba. Akija mgeni mkubwa, baba humpa kwa mkono wake mwenyewe, na heshima yote ya nyumba hukaa katika kile kipande kisichozidi kidole gumba.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kaka yangu Barasa kumi na mitano. Siku moja nilimwambia, "Mimi napika kitu nisichokijua ladha. Kama kipofu anayeuza vioo." Alicheka sana. Kisha akaingia jikoni, akatumbukiza kijiti chunguni, akaitoa firigisi, akaikata kwa meno. Nusu yake, nusu yangu. Tulikula nyuma ya ghala. Nilitarajia makubwa, Nekesa. Ilikuwa kama kutafuna kamba ya kiatu iliyotiwa chumvi.

Hatukujua kwamba kuku yule alikuwa wa wazee waliokuja kumposa shangazi yetu. Sahani ikatengwa. Baba akapekua mchuzi kwa kijiko, akapekua tena. Sijapata kumwona mtu akitafuta kitu kidogo hivyo kwa muda mrefu hivyo mbele ya wageni.

Walipoondoka, akauliza, "Nani?"

"Mimi," akasema Barasa.

"Na nani?"

"Peke yangu."

Barasa hakunitazama. Miaka mingi nilijiambia kwamba kama angenitazama ningesema. Ni uongo. Nilishukuru kwamba hakunitazama, nikaendelea kusugua chungu kilichokuwa kimekwisha kutakata.

Wazee wa ukoo wakasema mwana anayekula firigisi ya baba aliye hai amekwisha kukipima kiti chake. Barasa akapelekwa kwa ndugu mmoja wa baba, mbali, akachunge ng'ombe wa watu. Asubuhi alipoondoka nilikuwa mtoni. Mtungi ulijaa mapema, nikaumwaga nikaanza tena, ili nikute amekwenda. Mwaka uliofuata tukasikia ametoroka, yuko Nairobi.

Nilikuja kumwona baada ya miaka kumi na saba, mwanzo mwanzo wa Uhuru. Memsahib alinipeleka katikati ya mji nikambebee vitambaa vya mapazia. Tukaingia jengo refu, tukaingia kwenye lifti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, nikaogopa, nikatazama sakafu. Nikaona viatu vilivyong'arishwa, kisha suruali ya sare, kisha vifungo vya shaba, kisha Barasa, mkono wake juu ya vitufe.

"Orofa ya ngapi?" akauliza. Sauti ilikuwa ya baba yetu kabisa.

Memsahib aliona tunavyotazamana. "Ayah, wewe jua hii mtu?"

Siku aliyoniandika kazi nilimwambia sina ndugu Nairobi. Hawakutaka ayah mwenye wageni. Ningeweza kusema nimemkuta leo, Mungu mkubwa, na yule mama hakuwa mbaya, labda angefurahi. Lakini nilimwona kaka yangu katika ile sare, kama mlango uliovalishwa, nikajiona nami na aproni yangu, na sikutaka tujumlishwe.

"Hapana, memsahib," nikasema. "Ni mtu wa upande wa kwetu tu."

"Nne," akasema memsahib. Barasa akatupandisha mpaka ya nne, akafungua mlango, akaushika kwa bega usije ukanibana mimi niliyebeba.

Alhamisi ilikuwa nusu siku yangu ya mapumziko. Alhamisi iliyofuata nilishuka kwa miguu, nikapita Westlands, nikafika mjini, nikaingia lifti ile kama mtu mwenye shughuli. Niliomba radhi kwa lile la memsahib. Akasema, "Lipi?" Ndivyo alivyokuwa, kosa lako alikuwa analipoteza makusudi, usilione tena.

Hakuruhusiwa kupiga soga wala kutoka ndani ya lile kabati lake, kwa hiyo tulizungumza kwa vipande. Kati ya orofa ya kwanza na ya tatu nilijua ameoa. Kati ya tatu na tano nilijua mke amerudi kwao. Mtu akiingia tunanyamaza, mimi natazama namba juu ya mlango kama niliyekuja kwa wakili. Akitoka, Barasa ananong'ona:

"Leo una kesi gani?"

"Ya shamba."

"Utashindwa. Huna uso wa mwenye shamba."

Kila Alhamisi nilikuja na maneno manne mdomoni: nusu ile ilikuwa yangu. Yasingezidi orofa moja. Nikiyafikisha ulimini, mlango unafunguka, anaingia mtu na kofia yake. Lakini nisiwasingizie wenye kofia. Zilikuwapo Alhamisi ambazo tulipanda peke yetu mpaka juu kabisa tukashuka mpaka chini, na nilichosema ni kwamba mvua imechelewa.

Alianza kukohoa. Alisema ni vumbi la zulia.

Alhamisi moja nikakuta mtu mwingine ndani ya sare ile. Mikono ya koti ilimfunika vidole, kwa kuwa Barasa alikuwa mrefu na hawakuwa wamelipunguza.

"Yule mwingine yuko wapi?"

"Alipelekwa kwao, kifua. Wanasema amezikwa Jumamosi." Akanitazama vizuri. "Ni nani yako?"

"Ni kaka yangu," nikasema.

Ndiyo hivyo. Nililitamka safi, bila kukwama, kwa mtu nisiyemjua, ndani ya lifti tupu.

"Pole sana, dada," akasema. Kisha, kwa kuwa ilikuwa kazi yake, akauliza, "Orofa ya ngapi?"

Sikuwa na orofa. Nikamwambia ya tano, tukapanda.

Sikuandikii haya ili ulie, wala usiwe na hofu kwamba Wanjala atakufa. Kifua chake ni kizima, moshi wa mafuta umemhifadhi kama samaki. Nakuandikia kwa sababu umesoma kuliko mimi, na utaendelea kusoma, na huko chuoni watakufundisha kuona ishara kila mahali. Ni kazi nzuri. Ila nimeona kwamba ya kwenye kitabu unayaona upesi, na yaliyotoka na sinia la mbavu hukuyaona. Sikulaumu. Ulikuwa unatazama aproni. Mimi nilitazama vifungo vya shaba.

Na kuna jambo jingine nililojifunza kwa kuchelewa. Nilidhani nilimnyamazia Barasa kwa kumwogopa baba, kisha kwa kumwogopa memsahib. Baba alikwisha kufa na memsahib alikuwa amehama, na bado nilinyamaza. Niliona haya kwa kuwa alinitendea wema na sikuustahili, na mtu wa namna hiyo huwezi kumtazama usoni kwa muda mrefu. Ni rahisi zaidi kusema humjui. Huenda kwako siyo hivyo. Huenda kwako ilikuwa ni aproni tu, na harufu, na wale wasichana wenye viatu vya kisigino. Ikiwa ni hivyo, una bahati, jambo lenyewe ni dogo.

Kuku ameiva. Nimemkatakata nikamtia kikapuni na mkate.

Tangu baba yenu afariki, firigisi ya nyumba hii hukatwa vipande vitatu kwa kisu cha mkate, na hamjapata kuniuliza kwa nini siila nzima, mimi mwenye nyumba, wala kwa nini simpi Wanjala, mwanamume pekee. Mlikuwa na kazi ya kugombania kipande kikubwa. Leo nimeikata vipande viwili tu. Nimeomba jani la mgomba kwa mtunza bustani wa jirani, nikaifunga, nikaiweka juu kabisa usije ukasema hukuiona.

Kesho kituoni wale wenzako wawili watakuwapo, maana mnakwenda chuo kimoja. Naye atakuwapo. Atakuwa amesugua mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka vidole vimepauka, kwa sababu anajua huupendi moshi. Atapandisha sanduku juu ya basi, kisha atajitenga, pembeni, mahali ambapo mtu wa kubeba vitu husimama. Hatakusogelea. Na mmoja wa wale wasichana atauliza tu, nawajua: huyu si yule wa nyama?

Usimwombe radhi mbele za watu, mtaaibika wote wawili. Hotuba pia usitoe. Fungua jani, umpe nusu, ule nusu, kisha umjibu yule msichana alichouliza.

Ukishindwa, ile mwenyewe njiani. Sitakuuliza. Ila nakuonya kwamba ni ngumu kutafuna, na safari ya Mombasa ni ndefu.

Mimi nitakuwa nimesimama mbali kidogo, nikijifanya natazama magurudumu ya basi. Usinionee haya, wala usitazame nilipo. Macho yangu yamechoka kwa kusoma vya watu, lakini masikio bado ni mazima.

Mama yako,
dada yake Barasa